Jibu Nililompelekea Maman

Mdogo wangu Bahati alifariki mwaka huu, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza, na tangu tumzike sijaweza kufikiria mwaka mwingine wowote wa maisha yangu isipokuwa ule niliokuwa na miaka kumi na mitano, yeye akiwa na saba. Nimeishi mingi baada ya huo. Nimefundisha shule, nimeolewa, nimezaa, nimekuwa mjane. Sababu za Papa na Maman kuachana sitazieleza hapa. Sikuwahi kuzijua zote, na hizo chache ninazozijua nilizipata kwa kusikiliza milangoni. Inatosha kusema kwamba Papa alibaki na sisi Bukavu, katika nyumba ya Kadutu, na Maman alivuka mto Rusizi akaenda kupanga chumba Kamembe, upande wa Rwanda. Kutoka nyumba moja hadi nyingine mtu mwenye miguu mizima angeweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Hata hivyo ilipita miaka miwili bila sisi kumwona.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa shule, vakansi ya kiangazi, vumbi jekundu limetanda mpaka kwenye majani ya mgomba nyuma ya jikoni. Nilikuwa ninapiga pasi kwenye kibaraza, pasi ya makaa, na dirisha la salon, sebule yetu, lilikuwa wazi. Ndani walikuwa Papa na dada yake, ambaye sisi tulimwita Tantine, aliyehamia kwetu kutulea Maman alipoondoka. Papa alisema, "Batoto baende vakansi kwa mama yao, juma mbili. Na huyu mudogo, kama yeye mwenyewe anapenda kubaki kule, abaki. Sitamufunga kamba." Tantine akacheka kwa pua. "Mama yake atamupa bonbon, mutoto atasema anapenda." Papa akajibu, "Ataulizwa. Jibu yake nitaipokea." Kisha wakaanza kuongea habari ya mabati ya paa. Nilisimama pale nikisubiri kusikia jina langu, kwa sababu na mimi nilikuwa mtoto wa mwanamke yuleyule. Halikutajwa. Nilipokumbuka kuinua pasi, kola ya shati la Papa ilikuwa imeshaungua, na Tantine alinigombeza mpaka chakula cha jioni.

Tulivuka siku ya Jumamosi. Daraja la wakati ule lilikuwa jembamba, na mbao zake ziligonga kila gari lilipopita. Bahati alinishika mkono, akakataa kutazama maji. Maman alikuwa anatungoja ng'ambo, kando ya kibanda cha walinzi, amevaa kitenge cha kijani na kilemba chake. Alikuwa amekonda. Hakukimbia kutukumbatia kama nilivyokuwa nimeota, alitembea polepole, akatushika nyuso mmoja mmoja kwa mikono iliyonuka mafuta ya kukaangia, akasema, "Batoto bangu. Mumekula?" Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwetu baada ya miaka miwili. Siku zile nilikasirika kwamba hakupata neno lingine. Leo, mimi mwenyewe nikiwa na wajukuu, nikiwaona wanaingia mlangoni, husema hivyohivyo.

Chumba chake kilikuwa ndani ya ua wa familia ya Waislamu, Mzee Idi fundi wa kushona na mke wake Mama Zuhura, watu wakarimu ambao mashine yao ya cherehani ilianza kulia mara tu baada ya sala ya alfajiri. Kitanda kimoja, meza moja, mkeka uliokunjwa, masanduku mawili, na mbabula, jiko la makaa, iliyowekwa nje ya mlango. Ukutani alikuwa amebandika kurasa za magazeti ili udongo usidondoke, na Bahati, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusoma, alilala chali akitamka vichwa vya habari kwa sauti. Maman alikuwa akikaanga maandazi na kuyauza pamoja na chai karibu na soko. Kitu kimoja kilinishangaza: pale uani kila mtu alimwita Mama Mapendo. Mapendo ni mimi. Kwa miaka miwili watu nisiowajua walikuwa wakimwita mama yangu kwa jina langu mara ishirini kwa siku, na mimi Kadutu nilikuwa nimekatazwa kutaja lake.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya tano au ya sita, sina hakika. Niliamka mapema kwa sababu ya sauti za wanawake wawili nje, Maman na Mama Zuhura, waliokuwa wakipepea makaa na kuongea chini kwa chini. Bahati alikuwa bado amelala. Mama Zuhura alisema, "Umupate tu huyu mudogo, roho yako itapona." Maman akasema, "Kitanda kinatutosha bawili." "Na ule mukubwa?" Kisha nikamsikia Maman akisema, "Mukubwa ana masomo yake kwa masista. Akikuja hapa atafanya nini? Auze maandazi na mimi? Hapana. Mapendo abaki kule." Nilijifunika shuka hadi kichwani. Nilikuwa msichana wa kwanza katika darasa langu, na sasa ninaelewa kwamba maneno yale yalikuwa ya mama aliyejinyima. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilichosikia ni kwamba nyumba zilikuwa mbili na katika zote mbili aliyetakiwa hakuwa mimi.

Maman akaingia, akafungua dirisha, akasema kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu tufike, "Leo hakuna kazi. Leo ni ya kutembea na kula." Mama Zuhura aliuliza kutoka uani, "Mama Mapendo, leo haukaange ya kuuza?" Maman akajibu, "Leo banunue mukate!" Wakacheka wote wawili. Tulianza hapohapo, kwa chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi matatu kila mtu, ambayo alikuwa ameyakaanga alfajiri kwa ajili yetu peke yetu. Bahati alikula yake na nusu ya yangu. Kisha Maman akatuosha miguu kwa maji ya moto, hata mimi, ingawa nilisema naweza mwenyewe, akatupaka mafuta, tukatoka.

Nikisema tulitembea, nisieleweke vibaya. Wakati ule watu wa kwetu hawakutembea bila kwenda mahali. Kutembea kulikuwa kwenda kuchota, kwenda kuuza, kwenda kusali. Maman alitutembeza kama watu wa ng'ambo ya bahari wanavyotembea, mikono mitupu, tukisimama popote tulipopenda. Sokoni tulisimama mbele ya wanawake waliokuwa wameleta machungwa kutoka Ruhwa, mpakani mwa Burundi, na Maman akamwambia Bahati achague mwenyewe. Alichagua kwa kunusa, moja moja, mpaka muuzaji akasema, "Huyu atakuwa douanier wa forodha!" Tulikula yale machungwa tukiwa tumekaa kwenye ukuta mfupi, tukitema mbegu, na Maman alitumenyea kwa kisu kidogo akitoa ganda zima kama utepe, akamvika Bahati shingoni.

Kutoka pale tulikwenda mpaka kwenye uwanja wa ndege. Bahati hakuwa amewahi kuona ndege ikiwa chini. Tulisimama kwenye majani kando ya uzio na watoto wengine wa Kamembe, jua likipanda, tukingoja kitu ambacho hakuna aliyejua kama kitakuja. Kikaja. Ndege ndogo nyeupe, ikayumba juu ya vilima, ikagusa chini na kuinua vumbi, na mdogo wangu akakimbia kando ya uzio akipiga mayowe mikono imefunguka, mpaka akaanguka na kujikwaruza goti. Hakulia. Alirudi kwetu damu ikimtiririka, akasema, "Maman, hapa kwako kuko vintu vizuri." Maman alilowesha ncha ya kitenge kwa mate akamfuta. Nilimwona uso. Sijui niuelezeje. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia kile alichokuwa akikiomba kwa muda mrefu, na anaogopa kukigusa kisije kikavunjika. Nilitazama kando. Nilianza kuwahesabia: mara ngapi amemshika yeye, mara ngapi mimi.

Saa sita tulishuka mpaka Cyangugu ya chini, ziwani. Kulikuwa na mwanamke aliyekaanga sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu, kwenye sufuria pana chini ya kipande cha bati, na alivitoa vikiwa bado vinalia mafuta, akavimwaga kwenye karatasi na chumvi na pilipili. Vinaliwa vizima, kichwa na mkia. Maman aliagiza na ndizi za kukaanga, tukakaa kwenye mawe miguu ndani ya maji. Bukavu ilikuwa mbele yetu, ng'ambo ya maji, na Bahati alitafuta nyumba yetu kwa kidole akaipata mara kumi mahali tofauti. Maman, ambaye hakujua kuogelea, alipandisha kitenge akaingia mpaka magotini, akapiga maji kwa viganja na kutulowesha. Nakumbuka kwamba nilicheka. Hilo huwa ninajikumbusha, kwamba nilicheka, kwamba moyo wangu siku ile haukuwa jiwe tangu asubuhi. Mwanamke wa sambaza alimwuliza, "Bote ni bako?" Maman akasema, "Bote ni bangu." Kama siku ingeishia hapo, pengine maisha ya watu watatu yangekuwa mengine.

Lakini Maman alikuwa na rafiki huko Mururu, vilimani, mkulima aliyemletea maziwa, na alikuwa ameahidi kutupeleka. Tulipanda nyuma ya kamionete iliyobeba magunia matupu, tukapanda vilima. Nyumba ya yule mama ilikuwa kwenye mteremko, imezungukwa na migomba na maharage yaliyokauka, na chini kabisa, mbali, Rusizi iliyopinda kati ya vilima vya nchi mbili. Alitukaribisha kwa kalabasi la kivuguto, maziwa ya mgando mazito na baridi, na viazi vitamu vilivyookwa katika majivu. Bahati alikula mpaka tumbo likawa ngoma, kisha akaenda kukaa chini ya mgomba kumwangalia ndama aliyezaliwa juma lile. Mwenye nyumba aliingia jikoni. Hapo ndipo Maman alinivuta mkono, tukaenda nyuma ya nyumba.

"Mapendo," alisema, "weye sasa uko mukubwa. Papa yako amekubali Bahati abaki na mimi, kama anapenda mwenyewe. Ninaogopa kumuuliza. Mimi nikimuuliza, atakosa namna ya kunikatalia. Weye anakuaminia. Umuulize, kisha uniletee jibu yake. Vile atasema, ni vile."

Nikasema, "Na mimi?"

Alinitazama. Aliweka kiganja shavuni kwangu. "Weye una masomo, mama. Chumba ni kimoja. Utakuwa unakuja kila vakansi."

Hiyo "mama" aliyoniita, jina ambalo mzazi humwita binti anayempenda, sikuisikia wakati ule. Nilisikia chumba kimoja. Nilikwenda chini ya mgomba. Naapa kwamba nilipokuwa nikitembea zile hatua thelathini sikuwa nimeamua lolote. Bahati hakunipa hata nafasi ya kumuuliza. Alimwachia ndama mkia, akanitazama na midomo yake myeupe kwa maziwa, akaniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, akasema, "Yaya, tubakie hapa? Mimi na weye. Tusirudie kwa Tantine."

Mimi na weye, alisema. Ni yeye peke yake katika dunia nzima aliyenihesabu siku ile, na ndiye niliyempiga. Nilimwambia, "Maman anasema hana nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Yako. Anasema kitanda ni kimoja, na weye uko mukojozi." Alikuwa bado anakojoa kitandani mara mojamoja, na lilikuwa jambo alilolionea haya kuliko yote. Sijui ni wapi nililitoa neno lile. Lilitoka tu, tayari limeiva. Alishika tena mkia wa ndama, polepole, akainamisha kichwa.

Nikarudi nyuma ya nyumba. Maman alikuwa amesimama vilevile, mikono imefungwa kwenye kilemba alichokuwa amekivua. Nikamwambia, "Amekataa. Anataka kurudi kwa Papa."

"Amesema vile?"

"Ndiyo, Maman."

"Basi," akasema. "Usimulazimishe. Mutoto hajui kusema uongo." Akajifunga kilemba, akakifungua, akajifunga tena. Kisha akaingia jikoni kumsaidia rafiki yake kuosha vyombo, na nilimsikia akimsifia viazi.

Safari ya kurudi ndiyo inayoniamsha. Maman alijikaza akawa mchangamfu. Kamembe tulishuka mahali wanapochoma nyama, akaagiza mishikaki na viazi vya kukaanga, akampa Bahati mshikaki mkubwa. Bahati hakuupokea. "Kula, Papa wangu," alimbembeleza kwa jina la kumdekeza mtoto wa kiume. Akatikisa kichwa. Alisogea mbali naye kwenye benchi, karibu yangu, kwa sababu alikuwa ameona haya kukaa karibu na mtu aliyemwona mkojozi. Na kila alivyosogea, Maman aliliona jibu nililompelekea likithibitika mbele ya macho yake. Naye kwa upande wake, asije akamlemea mtoto aliyekwisha kumkataa, aliacha kumgusa. Bahati aliona mkono wa Maman ukirudi nyuma, na neno nililomwambia yeye likathibitika pia. Nilikaa katikati yao na sahani ya nyama. Nilikula. Nilikuwa na njaa, na nilikula mshikaki wangu na wake.

Usiku ule mdogo wangu alilala kwenye mkeka na akakataa kitanda. Siku zilizobaki zilipita kimya, Maman alirudi kukaanga maandazi, na juma la pili lilipokwisha tulifunga vitu vyetu. Asubuhi ya kuondoka nilipita mbele ya cherehani ya Mzee Idi. Hakuwa anashona. Alikuwa na nguo ya kaki mapajani, shati dogo na kaptula, sare ya shule, mpya kabisa, na alikuwa akiifumua kwa wembe, mshono baada ya mshono, vifungo amevipanga kwenye kifuniko cha bati. Nilimuuliza, "Mzee, hiyo ni ya nani?" Alinijibu bila kuinua macho, "Ilikuwa ya mdogo wako, binti yangu. Mama yako alikuwa ameshasema na mwalimu. Sasa anasema kitambaa kisipotee, nimshonee mtoto mwingine." Nilikuwa na wakati. Maman alikuwa ndani, akifunga sambaza zilizokaushwa ili tumpelekee Papa. Palikuwa na hatua tano kutoka cherehani mpaka mlango wake, na watu wote walikuwa hai. Nilikwenda nikachukua mzigo wangu.

Mwaka huo wote uliobaki nilimwona Bahati akibadilika. Aliacha kukojoa kitandani, mara moja, kama mtu aliyefunga bomba. Aliacha pia kuimba, na alipogongwa hakulia. Maman alikuwa akituma vitu kwa wanawake wa biashara waliovuka kila siku: maandazi, soksi, daftari. Bahati aligawa vyote mtaani. Vakansi iliyofuata nilikwenda peke yangu, na Tantine akamwambia Papa, "Unaona? Mutoto anajua nani anamupenda." Kila nilipofika Kamembe Maman aliuliza, "Mudogo wako anakula muzuri?" Nilijibu ndiyo. Hakuuliza kwa nini hakuja. Nilifaulu masomo yangu yote.

Kisha tulikua, na ikaja ile miaka mibaya iliyopita pande zote mbili za mto, watu wakapoteana na wengine hawakuonekana tena. Maman aliponea huko Nkungu, kwa watu waliomficha, akarudi Kamembe na nywele nyeupe. Bahati alioa msichana mzuri, Sifa, akazaa watoto watatu, akawa baba ambaye hakuwahi kumwambia mtoto kwamba hakuna nafasi. Nyumba yake ilijaa watoto wa watu. Maman alipokufa, miaka tisa iliyopita, nilimpigia Bahati simu. Akasema, "Nenda umuzike, yaya. Mimi niko na kazi." Nilimzika Kamembe na majirani zake. Ningeweza kusema siku ile pia.

Nilisema Bahati alipokuwa hospitali, figo zikiwa zimeshachoka na madaktari wameacha kuahidi. Tulikuwa wawili chumbani, mchana, na nilikuwa nikimlisha uji kwa kijiko. Nilimwambia yote kwa sauti ndogo bila kusita, Mururu, ndama, nilichomwambia yeye na nilichomwambia Maman. Alisikiliza akitazama dari. Nilipomaliza alisema, "Maman alikujaka kwangu mara moja. Batoto bangu bakiwa badogo. Alisimama kwenye mulango na kikapu. Nilikuwa ndani. Nikaambia Sifa aseme sipo." Akaongeza, "Nilimuona kwa dirisha akiondoka. Alikuwa anatembea na fimbo." Kisha akageukia ukuta, akaniomba nitoke.

Siku mbili Sifa alinizuia mlangoni, hakujua sababu, akaniambia tu, akiniita shangazi kama watoto wake, "Tantine, anasema leo hapana." Nilikaa kwenye benchi la nje na thermos yangu. Siku ya tatu Bahati aliniita. Hakutaja msamaha, nami sikuuomba. Alisema, "Niambie ile siku. Tulikula nini? Mimi sikumbuki kintu, yaya. Ninakumbuka tu ile maneno yako." Siku nzima ile, machungwa, ndege, maji ya ziwa, kitenge cha Maman kilicholowa, vyote vilikuwa vimefutika kichwani mwake na kubaki sentensi moja niliyoitunga mimi. Nikamsimulia. Nilimsimulia polepole, kitu kimoja kimoja, na pale kwenye ndege alitabasamu, akauliza, "Nilikimbia?" Nikasema, "Ulikimbia mpaka ukaanguka." Nilipofika pale tulipopanda kamionete ya Mururu, alinishika mkono. "Inatosha," akasema. Alikufa Jumapili iliyofuata, asubuhi, Sifa akiwa naye.

Baada ya matanga niliwaomba watoto wake watatu wavuke nami mpaka Kamembe. Walidhani ni kwa ajili ya kusalimia jamaa. Niliwapeleka makaburini, kwenye mteremko, tukang'oa majani na kusafisha msalaba wa saruji mpaka jina likasomeka. Mdogo wao, Neema, mwenye miaka kumi na tisa, alilisoma kwa sauti, akaniuliza, "Tantine, juu ya nini Papa hakutuletaka huku?" Kaka yake mkubwa akamjibu kabla yangu, kwa ukali kidogo, kama mtu anayelinda heshima ya marehemu: "Haujui? Huyu mama ndiye alimukatala Papa."

Walinitazama wote, wakingoja nikubali. Nilikunja kitenge changu, nikaketi kwenye majani kando ya kaburi, nikawaambia, "Kaeni chini, batoto bangu. Huyu hakumukatala muntu. Ni mimi."